Mlango wa "kwang" na mlango wa "batan": tanakali za Kikorea haziingii Kijapani zilivyo

Swali: "Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Kikorea nimekipata kwa tamthilia na madarasa ya jioni. Sasa najifunza Kijapani, nataka kwenda Japani kuhudumia wazee. Kinachonishinda ni yale maneno ya kurudiarudia kama dokidoki na kirakira. Kwenye Kikorea nayatumia bila wasiwasi. Kwenye insha yangu ya Kijapani mwalimu amekubali 'hoshi ga kirakira hikaru' (nyota zinametameta), lakini amenikosoa kwenye 'doa ga batan shimatta' (mlango ulijifunga kwa kishindo), 'kutsu o pikapika to migaita' (nilipiga viatu rangi hadi vikang'aa) na 'fuwafuwa suru pan' (mkate laini). Huo wa mwisho ameupeleka wakati uliopita, ilhali mkate ni laini sasa hivi! Kaka yangu anasema sarufi ya lugha hizi mbili ni moja, nibadilishe maneno tu. Tena anasema haya ni maneno ya kitoto, niachane nayo. Mtihani wangu wa JLPT (ule wa kupima uwezo wa Kijapani) ni Desemba. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, makosa yako si ya uzembe. Yote matatu yana chanzo kimoja: umejenga sentensi kwa sarufi ya Kikorea ukazivika sauti za Kijapani. Mwalimu amekubali ile ya nyota kwa sababu hapo njia za lugha hizi mbili zinakutana. Nyingine tatu ziko pale zinapoachana, na tukipaona hapo, mambo mengi yatakunyookea kwa mara moja.

Nianze na maneno ya kaka yako. Kwa umbo la jumla la sentensi hajakosea. Kikorea na Kijapani zote huweka kitenzi mwishoni, zote hutia vijineno vidogo nyuma ya nomino kuonyesha nani ni mtenda na nani ni mtendwa, na zote zina ngazi za heshima ndani ya kitenzi. Lakini undugu wa asili kati yake haujathibitishwa hadi leo, na kwenye tanakali kila moja ina hazina yake. Mbwa wa Seoul hubweka meongmeong, wa Tokyo wanwan. Nyota huko ni banjjakbanjjak, huku kirakira. Moyo huko hupiga dugeundugeun, huku dokidoki. Kama tofauti ingeishia kwenye sauti, ushauri wa kaka ungetosha. Tofauti yenyewe iko kwenye mlango ambao neno linapitia kuingia katika sentensi.

Hilo la maneno ya kitoto nalikataa kabisa. Kojiki, kitabu cha kale cha Wajapani kilichokamilika mwaka 712, kinasimulia jinsi miungu Izanagi na Izanami walivyoikoroga bahari kwa mkuki ili kuumba kisiwa cha kwanza, na maji ya chumvi yakakorogeka "koworokoworo". Hiyo ni habari ya kuumbwa kwa nchi, si hadithi ya kumbembelezea mtoto. Huko Korea, bei inaporuka ghafla, mhariri wa gazeti hutosheka kumalizia kichwa cha habari na neno kkeongchung, bila hata kitenzi.

Kwa kazi unayoiendea, maneno haya ndiyo lugha ya maumivu. Mzee wa Kijapani akisema kichwa ni gangan, kinamgonga kwa nguvu. Zukizuki ni maumivu yanayodunda sawia na mapigo ya moyo, kama ya jino bovu au kidonda kilichovimba. Kirikiri ni tumbo linalochoma kama linatobolewa. Chikuchiku ni kama kudungwa sindano nyingi ndogondogo. Hirihiri ni ngozi inayowasha moto, kama ya aliyeungua. Muuguzi asiyeyajua haya atasikia "inauma" tu, na mgonjwa alikuwa amekwisha kumweleza mengi zaidi.

Sasa utaratibu wenyewe, na tuanzie nyumbani. Shuleni tulifundishwa kuyaita tanakali za sauti, ingawa mengi hayana sauti yoyote: anayelala fofofo hatoi mlio wa fofofo, na giza totoro halilii. Wajapani wanatenganisha ya mlio, giongo, na ya hali, gitaigo. Wakorea nao wana uiseongeo na uitaeeo. Tazama tabia za yetu. Pu haina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Inakaa nyuma ya kitenzi: ameanguka pu. Tena kila moja ina mwenzi wake, kwani totoro ni ya giza, pepepe ni ya weupe, na huwezi kuzibadilishana. Lugha za Kibantu zina utajiri huu kiasi kwamba Clement Doke, aliyezichunguza kusini mwa Afrika, mwaka 1935 aliyapa maneno haya jina la ideofoni, na leo wataalamu wa Kikorea na Kijapani wanalitumia jina hilohilo. Kwa hiyo huingii ugenini mikono mitupu. Unachohitaji kujua ni kwamba Kiswahili huiacha tanakali peke yake, Kikorea huiacha peke yake au huigeuza kitenzi, na Kijapani hutaka mara nyingi ishikwe mkono na kijineno.

Hapo ndipo penye kosa lako la mlango. Kikorea kinasema "mun-i kwang dachyeotda", mlango kwang ukajifunga. Kwang imesimama tupu mbele ya kitenzi na hakuna wa kuhoji. Kipo kijineno hago ambacho wakati mwingine huingia baada ya mlio wa ghafla, kama katika "kung hago neomeojyeotda", alianguka kwa kishindo, lakini ukikiacha sentensi haidhuriki. Ukazoea hivyo, ukaandika "doa ga batan shimatta". Mjapani anasubiri to: "doa ga batan to shimatta".

Hii to ndiyo ileile inayobeba maneno ya msemaji. "Iku to itta" ni "alisema kwamba ataenda", na to inashika nafasi ya "kwamba". Tanakali nayo hubebwa kama nukuu, kana kwamba mlango umesema "batan" kisha ukajifunga. Usiichanganye na to nyingine yenye maana ya "na". Wakorea watakuchanganya zaidi hapo, maana hago yao pia inafanya kazi zote mbili.

Lakini mbona kirakira imepita bila to? Kwa sababu ya umbo lake. Neno lililorudiwa zima, kirakira, korokoro, wanwan, linaweza kuchukua to au kuiacha. "Kirakira hikaru" na "kirakira to hikaru" zote ni sahihi. Yenye to husikika ya kimaandishi kidogo na ina uhuru wa kukaa mbali na kitenzi, ilhali isiyo nayo hupenda kuketi jirani na kitenzi. Neno fupi la tukio la mara moja halina hiari hiyo. Likiishia na n kama batan, au ri kama kirari, au kwa kukatwa ghafla kama pikatto, to ni lazima. Yapo machache, kama yukkuri (polepole) na hakkiri (waziwazi), ambayo yamekwisha kuwa vielezi vya kawaida na yanatembea bila to. Hayo yashike moja moja.

Viatu vyako ni jambo lingine, na hapa ndipo ninapotaka utulie zaidi. Pikapika inaweza kueleza namna ya kung'aa, na inaweza kueleza hali ambayo kitu kimefikia. Kijapani kinatenganisha haya mawili. Kwa namna, kijineno "to": "pikapika to hikaru", inang'aa ikimulika. Kwa matokeo, kijineno "ni": "kutsu o pikapika ni migaita", nilivipiga rangi vikawa vya kung'aa. Wewe hukung'aa ulipokuwa ukisugua, viatu ndivyo vilivyong'aa mwishoni, na kwa hiyo kijineno chake ni "ni". Ukiandika to, unasema kusugua kwenyewe kulikuwa kunametameta. Mkorea anasema "gudu-reul banjjakbanjjak dakkatda" na kukuachia uelewe mwenyewe, au akitaka kuweka wazi anaongeza -hage: banjjakbanjjakhage.

Tofauti hii inasikika hata mdomoni. Chukua neno la Kijapani barabara. Mvua ikianza kudondosha matone makubwamakubwa, "ame ga barabara to futte kita", katika lafudhi ya Tokyo sauti iko juu mwanzoni kisha inashuka. Kiti kikiachana vipande, "isu ga barabara ni natta", sauti inaanza chini, inapanda, na haishuki tena ndani ya neno. Namna ina mshuko, matokeo hayana. Sisi wenyewe tunatenganisha barabara ya magari na barabara yenye maana ya "sawasawa" kwa mahali pa shadda, kwa hiyo sikio lako linaweza kazi hii. Kikorea cha Seoul hakitenganishi maneno kwa kidatu (kupanda na kushuka kwa sauti) namna hiyo, na ndiyo maana hukuwahi kuzoezwa.

Sasa mkate. Kosa lako hapa lina mantiki kamili ya Kikorea. Kikorea huunganisha tanakali na hada, Kijapani na suru, na zote mbili zina maana ya "fanya". Ungeona zinafanana, na nani angekulaumu? Lakini hada ya Kikorea ina sura mbili. Ikishika tendo, ni kitenzi: "banjjakbanjjakhaneun byeol", nyota inayometameta, kwa -neun ya vitenzi. Ikishika hali, ni kivumishi: "poksinpoksinhan ppang", mkate laini, kwa -han, umbo la wakati huu wa sasa. Suru ya Kijapani haina sura ya kivumishi. Ni kitenzi daima, na kitenzi cha Kijapani kinapoeleza hali iliyokwisha kutulia juu ya nomino, huchukua umbo la -ta: fuwafuwa shita pan. Kwa macho ni wakati uliopita, kwa maana ni hali iliyopo.

Nawe unafanya hivyohivyo kila siku. Tunasema barabara iliyopinda, mti uliokauka, embe lililoiva. Barabara bado imepinda hata leo, lakini -li- imo na hatuoni tatizo. Uchukulie shita ya mkate wako namna hiyo. Unaweza pia kusema "fuwafuwa no pan" na ukawa salama. Suru yenyewe bila kugeuzwa iwekee hisia na matendo: "mune ga dokidoki suru", moyo unanienda mbio, au "atama ga gangan suru", kichwa kinanigonga.

Upande wa Kikorea una utajiri ambao Kijapani hakina, na naona wengi wanaotoka huko kuja huku wanautafuta bila kuupata. Ni kiambishi -georida. Chukua banjjak, ubandike, unapata kitenzi kizima: banjjakgeorida, kumetameta. Moyo: dugeungeorida. Kichwa kinachogonga: "meori-ga jikkeungeorinda". Kidonda kinachodunda: uksingeorinda. Ngozi inayochomachoma: ttakkeumgeorinda. Ndugu yake -daeda hufanya kazi ileile kwa msukumo zaidi, mara nyingi na harufu ya kero. Kwa kuwa kiambishi chenyewe kina maana ya kurudia, sarufi inataka shina moja, si lililorudiwa. Banjjakbanjjakgeorida utalisikia mitaani, lakini mwalimu atalikata. Kiambishi -ida ni kichaguzi zaidi: banjjagida ipo, dugeunida haipo. Tanakali ikishakuwa kitenzi namna hii, inakubali kukanushwa bila taabu, "banjjakgeoriji anneunda", haimeti, wakati tanakali tupu katika lugha zote hizi hupenda sentensi ya kukubali. Hata kwetu, "hakulala fofofo" husemwa tu unapombishia mtu aliyedai kwamba alilala fofofo.

Kijapani kina viambishi vya jirani, -meku katika kirameku (kumetameta) na -tsuku katika betatsuku (kunata) au iratsuku (kukereka), hiki cha pili mara nyingi kwa mambo yasiyopendeza. Lakini ni vichache na viko tayari kwenye kamusi. Usijitungie vyako. Pale Kikorea kinapokupa -georida, wewe tafuta suru, au kitenzi kamili chenye tanakali mbele yake: "ha ga zukizuki itamu", jino linauma kwa kudunda.

Kuna tofauti nyingine ya kina. Kikorea hubadilisha maana ndani ya neno, Kijapani huibadilisha zaidi kwenye mkia. Neno la kuzunguka, bingbing, lina ndugu ppingpping na pingping, kwa konsonanti kukazwa au kutiwa mpumuo, na kila hatua huongeza kasi au nguvu. Badilisha irabu, unapata baengbaeng, ppaengppaeng na paengpaeng, mzunguko mdogo na mwepesi zaidi. Maneno sita kutoka shina moja. Irabu kama a na o ni za vitu vidogo, vyepesi na vyangavu. U na eo ni za vikubwa, vizito na vyenye kiza. Kijiwe kikitumbukia majini ni pongdang, mtu mzima akitumbukia ni pungdeong. Kanuni hii ina nyufa: sungura anayeruka huandikwa kkangchungkkangchung katika Kikorea sanifu tangu kanuni za 1988, ingawa ulinganifu wa irabu ungetaka kkangchong.

Kijapani kwa mzunguko huohuo kina hasa jozi moja ya ndani: kurukuru kwa kitu chepesi, guruguru kwa kizito. Konsonanti ghuna (kama g badala ya k) huongeza uzito, na mara nyingi ukali: kirakira ni mng'ao wa kupendeza, giragira ni wa jua linaloumiza macho. Kisha mikia inaanza kazi. Kururi ni mzunguko mmoja wa taratibu, kurutto ni mmoja wa haraka, kurun ni mmoja wenye mrudisho mwepesi. Ukitoka Kikorea utataka kuchezea irabu za Kijapani ili kupata "ndogo" na "kubwa". Usifanye hivyo. Hutaeleweka, kwa sababu jozi za namna hiyo hazimo katika lugha.

Basi ufanyeje hadi Desemba? Usiandike tanakali peke yake kwenye daftari. "Batan = kishindo" haikusaidii chochote. Andika kipande kizima chenye kijineno na kitenzi: doa ga batan to shimaru, kutsu o pikapika ni migaku, fuwafuwa shita pan, mune ga dokidoki suru. Kamusi moja ya tanakali iliyotoka Tokyo mwaka 2007 imekusanya maneno 4,500, na hakuna anayekutarajia uyajue. Kwa mtihani peke yake, makumi machache ya yale ya kila siku yanatosha, na sikushauri uyape nafasi ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina) au ya ufahamu wa kusikiliza. Kwa kazi, anza na ya mwili: maumivu, usingizi, kichefuchefu, mwendo wa kuyumba. Hayo yape muda hata kama mtihani hautayauliza.

Kuna watakaokuambia uache Kikorea kwa muda. Ushauri huo una faida, kwa sababu mchanganyiko hupungua, lakini mimi sioni haja. Weka Kikorea kwenye safu ya pembeni ya daftari, na uandike hapo zile sehemu tu zinapoachana: kwang tupu upande mmoja, batan to upande wa pili. Pale zinapofanana, usiandike kitu.

Mambo mawili yanataka mtu wa ana kwa ana. La kwanza ni kidatu cha barabara na wenzake. Hakiandikwi kwenye herufi, na JLPT haina sehemu ya kuzungumza, kwa hiyo unaweza kufaulu mtihani na bado ukasikika vibaya wodini. Mwombe mwalimu akusomee jozi za "to" na "ni", urudie mbele yake, akurekebishe papo hapo. La pili ni kazini. Mgonjwa akitumia neno la maumivu usilolijua, usilikisie kwa kufananisha sauti na Kikorea. Mwombe akuonyeshe kwa mkono mahali panapouma, muulize kama maumivu yanakuja na kuondoka au yapo muda wote, kisha umwite mwenzako Mjapani asikie neno lenyewe kabla halijaandikwa kwenye jalada la mgonjwa.